Ziwa la Babati na Picha za Kolo: Maelezo ya Safari Moja na ya Maneno Yake

Katika miji ya Ulaya iliyojengwa kandokando ya maji, kama vile Amsterdam na Paris, ni desturi ya siku nyingi kwamba mgeni akitoka katika jumba la picha hushuka gatini akapanda mashua ya kutembezwa. Watu wamezoea kuyahesabu mambo hayo mawili kuwa ni starehe ya namna moja: asubuhi macho hutazama vitu vilivyotundikwa ukutani, alasiri hutazama mji wenyewe ukipita polepole. Tanzania haina mji wa namna hiyo. Lakini iko sehemu ya bara ambapo mtu aweza kutembezwa majini na kutazama picha za kale katika safari moja, ila picha hizo hazikutundikwa, bali zimetiwa juu ya mwamba wenyewe.

Sehemu hiyo ni Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002. Wasafiri waujua mji huu kwa mambo mawili ambayo aghalabu hutajwa mbalimbali. La kwanza ni Ziwa la Babati, ambako mgeni huchukuliwa kwa mtumbwi kwenda kutazama viboko. La pili ni picha za miambani za Kolo, kadiri ya kilomita 80 kusini katika barabara ya Kondoa, ambazo mwaka 2006 ziliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Makala haya yakusudia kueleza jinsi mambo haya mawili yafungamanavyo, na kwa nini yafaa ziwa litangulie na miamba ifuate. Na maadamu wasomaji wa jarida hili ni watu wa lugha, tutakaa zaidi penye maneno, kwa kuwa mgeni wa Babati huona kwa macho yake lakini huelewa kwa maneno ya yule anayemwongoza.

Kwanza yapasa kusema kidogo juu ya lugha za mahali penyewe. Katika nchi iliyo kati ya Babati na Kondoa hukutana lugha za asili mbalimbali kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya Afrika. Kigorowa na Kiiraqw ni za jamaa ya Kikushi, pamoja na Kialagwa na Kiburunge huko kusini. Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Kidatoga ni cha jamaa ya Kiniloti. Na Kisandawe, chenye sauti za kidoko, hakijapatiwa jamaa ambayo wataalamu wote waikubali. Lugha hizi zimeishi pamoja hata zikaambukizana tabia. Mwaka 2008 Roland Kießling, Maarten Mous na Derek Nurse waliieleza nchi hii kuwa ni eneo moja la lugha, na mfano ujulikanao zaidi ni wa Kirangi na Kimbugwe, ambamo katika baadhi ya nyakati kitenzi kikuu hutangulia na kitenzi kisaidizi hufuata, jambo ambalo ni nadra sana katika lugha za Kibantu. Kwa hiyo Kiswahili anachokisikia mgeni ziwani na miambani mara nyingi ni lugha ya pili ya msemaji, na ni daraja juu ya lugha nyingi. Daraja hilo lina mbao imara na mbao zilizooza, na baadhi ya zilizooza hazikuwekwa na wenyeji bali na sisi tulioandika vitabu.

Sasa tuje ziwani. Ziwa la Babati li karibu mno na mji, upande wa kusini-magharibi, katika Bonde la Ufa, na Mlima Kwaraa husimama ng'ambo ya pili ya mji. Kina chake ni kifupi na maji yake ni maji baridi. Maneno haya mawili, maji baridi, yahitaji uangalifu: hayahusu joto, bali maana yake ni maji yasiyo na chumvi, na mgeni asiyejua Kiswahili vizuri aweza kufasiriwa visivyo. Ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba ziwa hili lina maji baridi, kwa kuwa halina mto wa kudumu wa kulitoa maji, na majirani zake, Ziwa Manyara upande wa kaskazini na Ziwa Balangida chini ya Mlima Hanang, yana magadi na chumvi. Mvua ikizidi, ziwa hufurika. Mwaka 1990 maji yaliingia hata mjini.

Chombo cha kutembelea ni mtumbwi, yaani gogo moja lililochimbwa. Hapa yafaa kuonya juu ya vijitabu vya wasafiri ambavyo huandika boti, mashua au ngalawa bila kubagua. Boti ni chombo cha mtambo. Mashua ni chombo cha mbao zilizoungwa. Ngalawa ni chombo cha pwani chenye mbao za kando za kukizuia kisipinduke, na huko Babati mbao hizo hazipo. Ndiyo maana abiria huambiwa akae chini, asisimame wala asiegemee upande mmoja ili apige picha. Mtu aliyeahidiwa ngalawa akapewa mtumbwi amedanganywa katika jambo linalogusa usalama wake. Kadhalika pwani hutofautisha kafi na kasia: kafi hushikwa kwa mikono miwili bila kufungwa mahali, na mpigaji hutazama mbele, kasia hutiwa katika kishwara kilichofungwa chomboni, na mvutaji hutazama nyuma. Bara mara nyingi vyote viwili huitwa kasia. Hatuoni haja ya kuwasahihisha wavuvi wa ziwani, maana huko hakuna makasia ya namna ya pili ya kuleta mchanganyiko. Bali mwandishi wa kamusi yampasa aandike matumizi yote mawili. Mahali penye maji machache na matete mengi kafi huwekwa kando, na mtumbwi husukumwa kwa upondo.

Wakati bora ni asubuhi, kabla upepo haujaanza kuchafua maji. Kiboko hukaa majini mchana kutwa ili ngozi yake isikauke, na usiku hutoka kwenda malishoni. Si muogeleaji hodari kama watu wadhanivyo; hutembea juu ya sakafu ya ziwa, na huweza kuzama kadiri ya dakika 5 kabla ya kuibuka kuvuta pumzi. Mwenye mtumbwi ajuaye kazi yake huhesabu vichwa, hungoja, kisha huhesabu tena, maana aliye hatari si yule anayeonekana bali yule aliyezama. Hapitishi mtumbwi kati ya kiboko na kilindi, kwa kuwa mnyama akishtuka hukimbilia kilindini bila kujali kilicho njiani. Na kiboko akipiga miayo, hiyo si dalili ya usingizi wala ya njaa. Ni onyo, naye huonyesha meno yake makusudi.

Msomaji atambue maneno yanavyotumika katika mtumbwi huo. Kiongozi husema: kiboko amezama, viboko wawili wameibuka, yule mkubwa ametuona. Umbo la jina ni la ki- na vi-, lakini upatanisho ni wa viumbe hai. Jina lile lile likitajwa kwa maana ya mjeledi, ambao ulipewa jina hilo kwa kuwa ulikatwa katika ngozi ya mnyama huyu, upatanisho hurudi katika umbo lake: kiboko kimekatika, viboko viwili. Mnyama akiwa hai ni huyu. Ngozi yake ikifanywa chombo ni hiki. Jambo hili ni la darasa la kwanza la sarufi, na tusingelitaja mbele ya wataalamu kama lisingekuwa ndilo ufunguo wa yale yatakayofuata huko Kolo. Mgeni aliyekaa saa mbili mtumbwini, akisikia kila mnyama akitajwa kwa upatanisho wa uhai, huenda miambani na sikio lililokwisha kuzoezwa.

Barabara ya kwenda Kolo, ambayo siku hizi ni ya lami, hupanda katika nchi ya Warangi. Mtu asipite hapo akilala. Vilima hivi vilikuwa mfano mbaya wa mmomonyoko wa ardhi. Makorongo yake yalipigwa picha na kuandikwa katika vitabu vya kilimo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uitwao kwa kifupi HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliamriwa kuondolewa katika sehemu iliyoharibika zaidi ya Kondoa. Miti na majani yakarudi. Makovu ya makorongo yangalipo, nayo humkumbusha msafiri kwamba nchi iliyochorwa wanyama wengi juu ya miamba yake haikuwa wakati wote kama ionekanavyo leo.

Kijijini Kolo ipo ofisi ya Mambo ya Kale, kando ya barabara. Hapo mgeni hulipa ada, hupewa kiongozi, na huonyeshwa jumba dogo la makumbusho. Asilipite, ingawa ni dogo, kwa kuwa humweleza mambo ambayo mwamba wenyewe hauyasemi. Na neno makumbusho lenyewe lastahili kutazamwa. Asili yake ni kukumbusha, na tukifikiri kwa utaratibu si dhahiri kwa nini nyumba ya kuwekea vitu vya kutazamwa iitwe hivyo. Yamkini sababu ni historia ya Dar es Salaam: jumba la kwanza la namna hiyo, lililofunguliwa mwaka 1940, lilijengwa kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Ukumbusho ulikuwa wa mfalme. Vitu vilikuja baadaye, na jina likavishika. Lilikuwa kosa la bahati njema. Huko Kolo kazi ya jumba hilo ni kukumbusha kweli.

Kutoka ofisini hadi mahali pa picha ni mwendo wa gari kwa kilomita kadhaa, kisha kupanda kwa miguu. Mahali pajulikanapo zaidi ni Mungomi wa Kolo, na katika eneo zima zipo sehemu zaidi ya 150 zenye picha, zilizotawanyika katika kilomita za mraba 2,336. Habari za picha hizi ziliandikwa na wageni mapema katika karne ya ishirini. Mwaka 1950 Henry Fosbrooke na wenzake walitoa maelezo yake katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mwaka 1951 Mary Leakey alikaa hapa miezi kadhaa pamoja na mumewe Louis, akanakili picha kadiri ya 1,600 kwa kuweka karatasi angavu juu ya mwamba na kufuatisha mistari. Kazi yake ilitolewa kitabu mwaka 1983. Raymond Inskeep alichimba Kisese mwaka 1956, na Fidelis Masao aliandika juu ya picha hizi na juu ya zana za mawe za nchi hii katika kitabu chake cha 1979.

Katika Kiswahili cha kawaida picha hizi huitwa michoro ya mapangoni. Jina hili lina maneno mawili, na yote mawili hayafai.

Tuanze na pango. Pango ni shimo linaloingia ndani ya mlima au ardhi, mahali penye giza. Mgeni aliyeambiwa mapango huja na tochi. Lakini Mungomi hapana giza: ni mwamba mrefu ulioinama mbele, na chini yake mtu hukaa kivulini akaiona nchi yote hadi bondeni. Mtu aliyezitia picha hizi alifanya kazi katika mwanga wa mchana, na watu waliopita mbali waliweza kumwona. Tofauti hii si ndogo; yageuza kabisa fikira zetu juu ya nani alikusudiwa kuzitazama. Kiswahili kina neno linalofaa zaidi, nalo ni upenu. Upenu ni ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, ambapo watu huketi wakikinga jua na mvua. Kipenu ni kibanda kidogo kilichoegemezwa ubavuni mwa nyumba. Twapendekeza basi upenu wa mwamba, wingi penu za miamba. Msemaji wa pwani ataelewa mara moja, na msemaji wa bara akifikishwa mahali penyewe hatahitaji kufasiriwa.

Neno la pili ni mchoro. Kuchora asili yake ni kukata alama katika kitu kigumu kwa ncha, kama afanyavyo fundi wa mlango, na baadaye maana ikapanuka hata kuchukua kazi ya kalamu. Katika Afrika ziko sehemu ambako watu wa kale walichonga picha katika mawe, na huko neno mchoro lingekuwa sawa kabisa. Huko Kolo hawakukata mwamba; walitia rangi. Na rangi hiyo ilitiwa kwa namna mbili zilizo tofauti sana. Picha za zamani ni nyekundu, za mawe yenye kutu ya chuma yaliyosagwa, nazo zimefanywa kwa mistari myembamba ajabu: watu warefu wenye viungo vyembamba na nywele zilizotengenezwa kwa namna ya kutokeza, pofu, twiga, tembo. Wataalamu husema hizi ni kazi ya watu walioishi kwa kuwinda na kuchuma. Picha za baadaye ni nyeupe, nene, zilizopakwa kwa vidole, mara nyingi juu ya zile nyekundu, nazo huhesabiwa kuwa ni za wakulima wa Kibantu. Kiswahili kinaweza kulishika jambo hili bila taabu. Zile nyekundu zimeandikwa kwa brashi. Zile nyeupe zimepakwa. Na madoa yaliyowekwa kimoja kimoja kwa ncha ya kidole yametonwa, kama mwanamke wa pwani atonavyo hina. Neno la jumla liwe picha. Ni neno la kuazima, na wako watakaolipenda zaidi taswira, ambalo nalo ni la kuazima. Katika Kiswahili cha zamani sanamu pia lilichukua maana ya picha, lakini siku hizi msikilizaji atatazamia kitu cha kuchongwa.

Hapa lataka kutajwa jambo dogo la kuchekesha. Mnyama aonekanaye mara nyingi katika picha nyekundu ni pofu. Kiongozi akisema, huyu ni pofu, mgeni aliyekulia mjini na asiyejua jina la mnyama huyu humtazama macho. Wako wanaotumia mbunju ili kuepuka utata huo. Sisi twaona pofu libaki, kwa kuwa ndilo lililoenea, ila kiongozi alitangulize neno mnyama.

Sasa turudi katika upatanisho tuliouacha ziwani. Mtu asimamaye chini ya upenu husema: twiga huyu anakimbia, tembo yule amegeuka. Hasemi twiga hii. Mnyama ni wa rangi tu, wala hana pumzi, lakini Kiswahili humpa upatanisho ule ule aliopewa kiboko asubuhi. Lakini mtu huyo huyo akitaja uharibifu hubadili lugha yake bila kujua: picha hii imefifia, rangi imebanduka, sehemu hii imefukizwa moshi. Hasemi twiga amefifia, na akisema hivyo wasikilizaji hucheka au hunyamaza. Maadamu tunasema juu ya kitendo cha mnyama, yu hai. Tukianza kusema juu ya ukuta, hageuki mfu, bali hutoweka kabisa katika sentensi, mahali pake pakachukuliwa na picha. Tofauti hiyo hugawa pia watu wanaofika Kolo. Wenye kuhifadhi husema juu ya picha, nao hawana budi. Wenye kuabudu hapo husema juu ya wale waliomo.

Kwa maana Mungomi ni mahali pa ibada. Warangi wa Kolo na jirani zao wamepatumia kwa kuomba mvua na kutibu wagonjwa. Huchinja mnyama, na pombe ya nafaka hurushwa juu ya mwamba. Mhifadhi hutazama pombe ikitiririka juu ya mistari myekundu na moyo wake hudunda, na hofu yake ina sababu. Mwenye ibada naye humwona mhifadhi kuwa ni mtu aliyekuja kuufunga mlango wa nyumba ambayo hakuijenga. Sheria ya mwaka 1937 ya kulinda kumbukumbu za kale, na ile ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, zote mbili zilitungwa kwa kufikiri juu ya vitu, si juu ya waabuduo. Lakini ibada hiyo ndiyo mojawapo ya sababu zilizotajwa mahali hapa palipoingizwa katika Urithi wa Dunia. Yaani linaloziharibu picha na linalozipa heshima limo katika kitendo kimoja. Hatudai kuwa na dawa ya jambo hili. Twasema tu kwamba kiongozi anapowaambia wageni kwamba hizi ni picha za watu wa kale, hali majivu ya sadaka yako miguuni pao, neno kale limewaondoa wenyeji katika nyumba yao kwa silabi mbili. Hata jina lenyewe, Mungomi wa Kolo, halitoi hukumu. Kwa sikio la Kiswahili, wa hiyo yaweza kuwa ya mtu, kama mganga wa Kolo, au ya kitu cha ngeli ya m- na mi-, kama mlima wa Kolo. Msikilizaji hupokea lile analolitaka.

Mfano bora wa uzito wa kitenzi ni picha moja ya upenu wa kwanza wa Mungomi. Watu kadhaa wembamba wamesimama kwa safu. Wa katikati ameshikwa mikono, pande zote mbili. Mary Leakey aliona kwamba hii yaweza kuwa habari ya mtu anayetekwa, wengine wakimvuta kwenda naye na wengine wakimzuia, na tangu hapo viongozi wengi husema: wanamteka mwanamke. Mwaka 1986 David Lewis-Williams wa Afrika Kusini alizisoma picha za nchi hii kwa namna nyingine, akizihusisha na ngoma ya Wasandawe iitwayo simbo, ambayo Eric ten Raa alikuwa ameieleza: ngoma ambamo mchezaji hupandwa na nguvu, hutoka katika hali yake ya kawaida na huwa kama simba, na wenzake humshika asianguke. Katika maelezo hayo, wale wa pembeni hawamteki wala hawamgombei, wanamtegemeza.

Tazama basi kazi aliyonayo msema Kiswahili. Lugha yetu hairuhusu kusimama katikati kwa urahisi. Ukisema wanamteka, umekwisha hukumu. Ukisema wanamtegemeza, umehukumu vilevile kwa upande wa pili. Ukisema wanamvuta, umeegemea kwa Leakey bila kumtaja. Kitenzi kilicho salama ni kushika: wamemshika mikono. Hilo ndilo jicho linaloona, na baada ya hapo kiongozi aweza kuziweka fikira zote mbili mbele ya wageni na kuwaacha wabishane njiani. Tumeona kwamba wageni waliotoka ziwani hubishana vizuri zaidi, kwa sababu asubuhi walifundishwa kwamba mdomo uliofunguka si lazima uwe wa njaa.

Lakini liko neno moja ambalo madhara yake si ya fikira tu. Miaka mingi imepita na watu wamekuwa wakichimba chini ya penu hizi wakitafuta dhahabu ambayo yasemekana ilifichwa na Wadachi walipokuwa wakikimbia katika Vita Kuu ya Kwanza. Dhahabu hiyo haikupatikana. Kilichopatikana ni mashimo, na katika udongo uliotupwa kando vilikuwamo vipande vya mawe na mifupa ambavyo mtaalamu angevitumia kujua zamani za mahali hapo. Na udongo ukishavurugwa, elimu yake haipatikani tena hata kwa fedha. Basi fikiri juu ya mtu wa kijijini aliyesikia tangu utoto wake habari za hazina ya Wadachi. Anakuja mwenye madaraka, anasimama mbele ya mkutano, anasema kwa sauti kubwa: ndugu zangu, miamba hii ni hazina kubwa, tuilinde. Amekusudia wema. Lakini yule wa nyuma mwenye jembe amethibitishiwa habari zake kwa mdomo wa Serikali.

Kwa hiyo katika hotuba, vibao na vijitabu vya Kolo twapendekeza neno urithi litumike peke yake, kwa kuwa hubeba ndani yake mrithi na mrithiwa, na mwenye kulisikia huuliza ni wa nani kabla ya kuuliza ni wa shilingi ngapi. Neno hazina libaki Dodoma, katika wizara ya fedha, ambako lina maana yake kamili.